Chungu kimoja pembeni ya bahari

Baba anachimba dhahabu upande wa Kabambare, mama anafundisha Kasongo. Mwaka huu walichukua nyumba ya watu wawili, chumba na jiko la kujipikia, katika kijiji cha Jambiani, kisiwa cha Unguja. Mama anaeleza safari, hesabu, na maneno waliyoambiana wakingoja wali uive.

Siku moja ya mwezi wa tano, watoto wamekwisha kutoka darasani, nilichukua chokaa nikaandika ubaoni siku zote ambazo mume wangu alilala nyumbani mwaka uliopita. Idi, siku saba. Msiba wa mama yake, siku tisa. Alipougua malaria, siku kumi na nne. Nikaendelea hivyo mpaka mwisho. Jumla: siku 58. Nikafuta haraka, maana mkurugenzi wa shule alikuwa anapita kwenye veranda.

Wake wa wachimbaji mnaosoma ukurasa huu, hesabu hiyo mnaijua bila chokaa.

Mwaka huu shimo lao lilitoa. Si utajiri, lakini lilitoa. Baba alirudi na makuta, na mipango mitatu tayari kichwani: pikipiki ya pili ya kuweka barabarani, mabati ya nyumba ya nyuma, na msaada wa mahari ya mdogo wake. Nilimsikiliza mpaka mwisho. Halafu nikamwambia mimi naomba siku saba.

– Siku saba za kufanya nini?

– Za kukaa. Weye na mimi.

– Juu ya nini tuende mbali? Si tunaweza kukaa hapa?

Hapa hatuwezi, na yeye alijua. Pikipiki yake ikisikika tu njiani, mlango haufungwi tena. Shemeji ana shida ya dawa, jirani ana shida ya minerval, mjomba ana kesi ya shamba. Mume wa mchimbaji mwenzangu ni hivyo hivyo: akirudi nyumbani, harudi kwa mke wake, anarudi kwa watu wote. Usiku anaanguka kama gunia. Siku ya saba anafunga mzigo.

Aliwaza usiku mzima. Asubuhi akasema: "Sawa. Lakini kama ni konje, iwe konje kweli. Nataka kuona bahari."

Sahani ishirini na nane

Yeye alitaka hoteli. "Nimeteseka vya kutosha," alisema, "nataka kukaa nileteewe." Namwelewa. Kule kariere anakula kwa mama wa malewa kama kuna makuta, na kama hakuna anapika mwenyewe juu ya mawe matatu. Lakini mimi ni mwalimu, nilikaa nikapiga hesabu. Watu wawili, mara mbili kwa siku, siku saba: ni sahani 28 za kulipa, bila chai ya asubuhi. Kwenye fasi za watalii, kwa bei ya sahani moja ya samaki unaweza kununua samaki wa watu wawili ufukweni na mchele wa siku mbili, makuta yakabaki. Hoteli ungelipa kitanda, ukalipa chakula, halafu ungelipa hata maji ya kunywa.

Tena kuna jambo jingine ambalo sikumwambia siku ile. Hotelini mtu na mke wake wanaketi wakiangaliana, wakingoja kuletewa. Sisi tulikuwa tumesahau namna ya kuongea. Niliona afadhali tuwe na kazi ya mikono.

Baba akampigia simu shemeji yetu anayeuza nguo Kariakoo, Dar es Salaam: "Shemeji, nitafutie nyumba ndogo pembeni ya bahari." Shemeji akacheka mpaka simu ikakatika. Alipopiga tena akaeleza: kule Dar, "nyumba ndogo" ni hawara, yule sisi tunamwita deuxième bureau. "Usiseme hivyo mbele ya dada," akasema. "Sema nyumba ya kujipikia." Mimi nilikuwa nasikia yote, simu ilikuwa kwenye sauti kubwa. Nilicheka pia, lakini si sana. Kariere zote zina nyumba ndogo, na kila mke wa Kasongo amekwisha kuuliza swali hilo moyoni.

Nyumba ya kwanza tuliyopata ilituponyoka pamoja na akiba yetu. Mtu mmoja alituma picha nzuri kwa simu: kitanda, jiko, bahari dirishani. Akaomba nusu ya kodi mbele. Tulituma. Kesho yake namba ilikuwa haipatikani. Shemeji alipokwenda kuuliza, nyumba ile ilikuwepo kweli, lakini mwenyewe alikuwa mtu mwingine na hakuwa na habari yetu. Baba hakusema kitu. Alitoka akaenda kukaa chini ya mwembe mpaka jua likazama. Ile ilikuwa dhahabu ya wiki mbili.

Nyumba ya pili tulikataa kutuma hata franka moja kabla shemeji hajaingia ndani, akafungua bomba, akawasha jiko, akaongea na mwenye nyumba uso kwa uso. Ndiyo nyumba tuliyolala.

Barabara ya zamani, kwa upande mwingine

Tuliondoka mwanzo wa mwezi wa saba, vakansi kubwa ilipoanza. Toka Kasongo mpaka Kongolo ni pikipiki. Toka Kongolo tulifuata reli ya Kabalo mpaka Kalemie, kipande kwa treni, kipande juu ya lori. Toka Kalemie tulivuka Ziwa Tanganyika kwa boti la mizigo mpaka Kigoma. Kigoma tukapanda treni ya zamani, ile reli ambayo Wadachi waliifikisha ziwani mwaka 1914, ikapita Tabora na kutuleta upande wa bahari. Kwa kungoja na kulala njiani, tulitumia siku kumi na moja.

Wazee wetu waliijua barabara hiyo. Katika karne ya 19 misafara ilitoka Kasongo, ikapita Kabambare, ikafika ziwani, ikavuka kwenda Ujiji, halafu Tabora, halafu Bagamoyo na Unguja. Kwa miguu, ni miezi. Kiswahili tunachosema Maniema kilikuja na barabara hiyo. Mchele tunaolima Kasongo ulikuja na barabara hiyo. Dini ya wengi wetu pia. Na kwa barabara hiyo hiyo ziliondoka pembe za tembo, na watu waliofungwa shingo.

Ujiji tulikuta watu wanajiita Wamanyema mpaka leo. Dar es Salaam, Kariakoo, kuna msikiti unaoitwa Msikiti wa Manyema. Baba aliswali pale Ijumaa. Alipotoka alisema: "Tuko mbali na nyumbani, lakini jina letu lilifika mbele yetu."

Kutoka Dar mpaka mji wa Unguja ni karibu saa mbili kwa boti la mwendo wa kasi. Mwenye paspoti ya kigeni analipa bei yake, mwenyeji bei yake. Kabla ya kwenda kijijini tulikaa siku moja Mji Mkongwe, maana nilitaka kuona nyumba ya Tippu Tip. Watoto darasani wananiuliza habari zake kila mwaka. Jina lake kamili ni Hamed bin Muhammed el-Murjebi. Alizaliwa Unguja karibu na mwaka 1837, akaifanya Kasongo kuwa makao yake katika miaka ya 1870, akarudi kwao kabla askari wa Leopold hawajaiteka Kasongo mwaka 1893, na akafa Unguja mwaka 1905. Nyumba bado imesimama, mlango wake wa mbao umechongwa vizuri sana. Nilipiga picha moja ya mlango.

Fasi iliyomshika baba ni nyingine. Pale Mkunazini, soko la watumwa lilipofungwa mwaka 1873, Waanglikana walijenga kanisa kubwa. Nje ya kanisa kuna sanamu iliyowekwa mwaka 1998: watu watano wa mawe wamesimama ndani ya shimo, mnyororo wa chuma shingoni. Ni shimo lenye pembe nne, kuta zake zimenyooka. Mtalii mmoja alipiga picha akaondoka. Baba alisimama pale muda mrefu. Anajua namna mtu anavyoangalia akiwa chini na wengine wakiwa juu. Nilimshika mkono, kitu ambacho hatufanyi barabarani Kasongo, na yeye hakuuondoa.

Makuta kwa ajili ya makuti

Toka mjini mpaka Jambiani tulipanda daladala, ile yenye namba 309. Jambiani iko pwani ya mashariki. Ni kijiji kirefu, kimejipanga ufukweni, nyumba za mawe ya matumbawe na chokaa, nyingine mpya za matofali, na zile za wageni mara nyingi zimeezekwa kwa makuti, yaani majani ya mnazi. Baba alitazama paa letu akasema: "Kumbe tumelipa makuta kwa ajili ya makuti." Alirudia mchezo huo wa maneno kwa kila jirani, wiki nzima.

Nyumba yenyewe ilikuwa upande mmoja wa lupango ya mwenye nyumba, na mlango wake wa peke yake. Chumba kimoja chenye kitanda kikubwa na chandarua. Choo na bafu ndani. Jiko dogo lenye meko mawili ya gesi, frigo fupi, sufuria tatu, sahani nne, kisu kimoja kisichokata. Mbele baraza ya kukaa. Toka barazani mpaka mchanga wa bahari, hatua hamsini.

Maji ya bomba yalikuwa na chumvichumvi, ni ya kuoga na kuosha vyombo. Ya kunywa tulinunua kwa madumu. Umeme ni wa kununua kabla, wao wanaita tukuza: unaingiza namba kwenye mita, ukiisha giza linaingia. Siku ya kwanza ulikatika tukiwa tunakula, na tulikuwa hatujauliza nani anaulipa. Tuliuliza gizani. Ilikuwa ni sisi.

Mwenye nyumba ni bibi wa makamo, mjane, mwenye sauti ya mwalimu. Alitaka kuona cheti chetu cha ndoa, akaomba kwa adabu, na mimi nilikuwa nimekibeba. Halafu akatuita "wanangu" mpaka siku ya kuondoka. Tulimpa shikamoo kila asubuhi, salamu ambayo kwetu haisikiki sana, na baba akaizoea kuliko mimi.

Kiswahili chetu kilimfurahisha. Nilipomwambia "leo tutakula mchele" aliuliza: "Mbichi?" Kwao mchele ni ule ambao haujapikwa, ukipikwa ni wali. Siku ya pili yeye ndiye aliyetushinda. Alituletea nazi mbili, akamwambia baba: "Mbuzi yuko nyuma ya mlango." Baba alikwenda na kamba. Alirudi na kigoda chenye ulimi wa chuma mbele. Ndiyo mbuzi: unakaa juu yake, unakuna nazi. Tulicheka wote watatu mpaka bibi akashika ukuta.

Baba anapika

Sasa nifike kwenye jambo lenyewe.

Katika miaka kumi na minne ya ndoa sijamwona mume wangu akishika mwiko. Kwetu mwanaume akiingia jikoni, mama yake anauliza kama mke ni mgonjwa. Siku ya tatu nilirudi toka ufukweni nikakuta vitunguu vimekatwa vidogo, sawasawa, samaki ameoshwa kwa ndimu, mchele umepimwa kwa kikombe. Alikuwa anafanya haraka, bila kelele, kama mtu aliyefanya kazi hiyo kila siku. Na kweli anaifanya kila siku. Kule shimoni wanapika kwa zamu, watu sita, na mwenye kuunguza chakula anafua nguo za wenzake.

– Mbona nyumbani hupiki?

– Nyumbani hakuna aliyeniomba.

Nilikaa kwenye kigoda cha mbuzi nikaanza kukuna nazi, maana nilikosa jibu.

Tokea siku ile tulipika pamoja. Yeye samaki, mimi wali wa tui. Samaki tulinunua wenyewe, ngalawa zikirudi: changu, tasi, siku moja pweza, ambaye baba alikataa kumgusa mpaka alipokwisha kuiva. Sombe tuliipata pia, kwao ni kisamvu, wanaitia nazi fasi ya mawese. Ni tamu, lakini siyo sombe.

Wali unahitaji karibu nusu saa. Ukiwa umekaa na mtu nusu saa mbele ya sufuria, simu haina chaji, hakuna anayepiga hodi, maneno yanatoka.

Siku ya nne, nikiwa nimeangalia moto, alisema: "Mama, mwezi wa pili shimo letu lilianguka."

Sikugeuka. Nilimwacha aseme. Mvua ilikuwa imenyesha siku tatu, mbao za ukuta zililegea. Watu watatu walikuwa chini. Wawili walitolewa. Yeye alikuwa ametoka kwenda kununua pile za taa. "Pile tu," alisema. Mwezi wa tatu aliporudi nyumbani alilala na taa inawaka, mimi nikadhani amezoea tabia ya kariere. Kumbe aliogopa giza.

Niliuliza kwa nini hakuniambia. Alisema angeniambia saa ngapi, mbele ya nani.

Usiku ule tulipunguza moto, wali ukaungua chini kidogo, tukaula hivyo hivyo.

Siku iliyofuata tulifungua hesabu. Nilijua kwamba wanauza dhahabu, lakini sikujua kwamba mnunuzi ndiye aliyewapa makuta ya mbao, ya pampu na ya chakula kabla hawajapata hata gramu moja. Kwa hiyo hawawezi kumuuzia mwingine, na bei anaisema yeye. Mimi nami nilikuwa na langu. Kwa miaka minne niko kwenye likilimba na walimu wenzangu, na makuta yangu nilikuwa nayaficha kwa dada yangu, maana niliogopa shemeji zangu wakijua. Baba alinyamaza kidogo. Halafu akauliza: "Ni ngapi?" Nikamwambia. Akapiga mluzi.

Tuliandika yote nyuma ya tiketi ya boti: deni lake, akiba yangu, bei ya pikipiki ambayo hatutanunua. Chini tukaandika: mashine ya kukoboa mpunga. Kasongo ni mji wa mchele, na kila mwaka naona wamama wanatwanga mpaka mikono inapasuka au wanalipa mashine ya mtu mwingine. Alisema ataendelea na shimo mpaka deni liishe, lakini miezi ya mvua kubwa hatashuka. Sijui kama atatimiza. Lakini kwa mara ya kwanza hesabu ya nyumba yetu iko kwenye karatasi moja.

Bahari inayoondoka na kurudi

Sikusema mengi juu ya bahari. Jambiani bahari inaondoka. Asubuhi unaamka maji yako mlangoni. Mchana yamekwenda mbali, mpaka karibu na ukingo wa matumbawe ambapo mawimbi yanapasuka, na wewe unatembea juu ya mchanga mahali ambapo ngalawa zilikuwa zinaelea. Yanajaa na kupwa mara mbili kila siku, na kila siku yanachelewa karibu dakika 50, kufuata mwezi. Mwenye nyumba alitufundisha kuhesabu. Asiyejua hesabu hiyo anakwenda mbali kutembea na maji yanamkuta nyuma.

Maji yakitoka, wamama wa kijiji wanaingia. Wanalima mwani, majani ya baharini, yaliyofungwa kwenye kamba na vijiti. Kilimo hicho cha kuuza kilianza pwani hii mwaka 1989. Wanasimama ndani ya maji mpaka kiunoni, jua kichwani, halafu wanaanika, wanauza kwa kilo, mwani unapelekwa nje ya nchi. Nilimuuliza mmoja bei inasemwa na nani. Alinionyesha kwa kidevu upande wa barabara: mnunuzi. Nikamwangalia baba. Baba akatikisa kichwa. Tuliwasaidia kubeba magunia mawili mpaka juu, na tulipewa ndizi.

Kwa wanaotaka kujaribu

Kwanza, semeni ukweli kuhusu makuta. Nyumba haikutumaliza, safari ndiyo iliyotumaliza. Kwenda na kurudi ilikula kiasi cha pikipiki moja. Nyumba ya kujipikia inapunguza gharama ya kukaa, haipunguzi gharama ya kufika.

Usitume makuta kwa picha. Mtu unayemwamini aingie nyumbani kwanza. Aulize mambo haya: mtungi wa gesi ni wa nani, umeme unalipwa na nani, maji ya kunywa yako wapi, sufuria ziko ngapi, mlango unafungwa kwa ndani?

Miezi ya watalii wengi, kama wa saba na wa nane, kodi iko juu. Wakati wa masika, mwezi wa nne na wa tano, inashuka, lakini mvua ni kubwa. Mwezi wa saba upepo wa kusi unavuma, usiku kuna baridi kidogo.

Beba paspoti, karata ya njano ya chanjo, cheti cha ndoa. Tokea tarehe 1 mwezi wa kumi 2024 Zanzibar inawataka wageni wakate bima ya safari ya kisiwa, dola 44 kwa mtu mzima. Ulizia kwa ubalozi au mpakani masharti ya visa kabla ya kuondoka, yanabadilika.

Usibebe dhahabu mfukoni. Najua baadhi yenu mmewaza hivyo. Dhahabu kuvuka mpaka bila karatasi za CEEC ni fodi, na utapoteza dhahabu pamoja na konje. Uza nyumbani, beba dola safi zisizochanika.

Kijiji ni cha Waislamu na cha watu wenye heshima zao. Ufukweni watalii wanavaa wanavyotaka. Ndani ya kijiji jifunike. Maji yakitoka, vaa viatu, kuna wanyama wa miiba chini.

Na kama bahari ni mbali sana, ziwa liko. Tanganyika ina urefu wa kilomita 673 na kina cha mita 1.470, mtu akisimama Kalemie haoni tofauti na bahari mpaka aonje maji. Kutafuta chumba chenye jiko kwa wiki moja Kalemie kunapunguza safari zaidi ya nusu, na hakuna mpaka wa kuvuka. Lakini chemsha maji ya kunywa, maana kolera iko kwenye pwani hiyo kila mwaka. Uliza wenyeji fasi isiyo na mamba wala kiboko. Na chagua nyumba iliyo juu kidogo, kwa sababu ziwa limepanda miaka hii na limemeza nyumba nyingi za pembeni.

Ubao wangu

Tumerudi. Maneno yalisemwa, kama mnavyofikiri. Mdogo wake amechelewesha ndoa miezi mitatu na ananiita "mama wa bahari". Mama mkwe mdogo alisema nimemroga mtoto wao. Sikujibu. Pikipiki ingekufa baada ya miaka mitatu barabara ya Kabambare. Ile siri ya shimo ingemkaa kifuani miaka mingapi?

Baba amekwisha kurudi kariere, lakini sasa anakuja kila wiki ya sita. Akija, jioni moja anaingia jikoni, anafunga mlango wa uani ili majirani wasicheke, anakata vitunguu. Watoto mara ya kwanza walikataa kula, walidhani mama anaumwa. Sasa wanauliza siku ya baba kupika ni lini. Mkopo wa mashine bado tunautafuta.

Juma lililopita watoto walipotoka darasani nilichukua chokaa tena. Pamoja na siku zile za safari, mwaka huu nimefika 71, na mwaka haujaisha. Safari hii sikufuta haraka.